Kichwa cha Mdogo Wangu Mferejini

Mdogo wangu alipendwa bila kujitahidi. Naanza na jambo hilo kwa sababu yote mengine ninayotaka kuyaeleza, yaani mashine, gesi, mfereji, na watu walionivuta shati wakiamini kwamba ninaua, hayaeleweki pasipo hilo. Mimi nilijitahidi. Nilikwenda kusoma ng'ambo kabla ya uhuru, nikapata shahada ya kwanza, nikaongeza ya pili juu yake, na nikarudi baada ya uhuru nikiwa na sanduku la vitabu kuhusu namna udongo unavyoshika mbolea. Yeye alibaki Lubarika akajifunza kuendesha trekta la shamba la pamba. Siku niliyoshuka garini, jamaa waliokuja kunipokea walikuwa wamemzunguka yeye, wakimsikiliza akieleza jinsi nitakavyoshuka. Nilishuka kama alivyoeleza, na wote wakacheka.

Ningeweza kusema kwamba nami nilicheka. Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka mingi, na nadhani nilionyesha meno tu.

Shamba hilo lilikuwa limepokea mashine ambayo bonde la Ruzizi lilikuwa halijapata kuiona. Trekta lilikokota fremu ya chuma yenye visu virefu vya kupasua ardhi. Nyuma ya kila kisu kulikuwa na bomba jembamba lililoshusha mbolea chini kabla mpasuo haujajifunga. Nyuma ya fremu lilifuata tangi jeupe juu ya magurudumu, na mpira mnene uliunganisha tangi na fremu. Ndani ya tangi mlikuwa na amonia tupu, isiyochanganywa na tone la maji. Imebanwa humo hukaa kama kimiminiko. Ikipata upenyo hugeuka gesi papo hapo, na kitu cha kwanza ambacho gesi hiyo hutafuta ni maji. Udongo wenye unyevu huipokea na kuishika, na pamba hula. Lakini jicho nalo ni maji. Koo ni maji, na jasho la kwapani ni maji.

Mkurugenzi wa shamba, mzungu mpole aliyependa kivuli, alinikabidhi kazi ya kutunga kanuni za usalama, kisha akamkabidhi mdogo wangu usukani. Sijui kama alitambua alichokigawa. Kanuni haionekani; inapofuatwa vizuri hakuna kinachotokea, na hakuna mtu anayepigiwa vigelegele kwa sababu hakuna kilichotokea.

Nilizitunga hata hivyo, kwa uangalifu wa mtu asiye na kitu kingine. Tangi lisijazwe hadi juu, kwa kuwa kimiminiko kile hutanuka jua likikaza na lazima kipate nafasi. Kila anayegusa mpira asimame upande unakotoka upepo, avae glavu ndefu na miwani iliyobana uso pande zote. Kabla ya kuutenganisha mpira, afunge robine, yaani koki, ya tangi na ile ya fremu, kisha aitoe gesi iliyosalia katikati kwa kufungua kirobine kidogo cha pembeni, taratibu, akiwa ameugeuza uso. Ubavuni mwa tangi kulifungwa pipa la maji safi lenye mfuniko. Pipa hilo lijazwe kila asubuhi na lisiguswe kwa shughuli nyingine yoyote. Gesi ikimwingia mtu machoni, dawa ni maji na si kitu kingine: maji mengi, kope zikiwa zimefumbuliwa kwa nguvu, kwa robo saa au zaidi. Vibarua hawakuwa na saa mkononi. Kwa hiyo niliagiza kwamba mtu aoshwe kwa muda wa kuuimba ule wimbo mrefu wa kanisani, ambao kila mtu bondeni aliujua, beti zote, kisha aurudie tangu mwanzo.

Jioni nilizikariri nyumbani ili nisigugumie mbele ya vibarua. Mama alikuwa ameketi mkekani akichambua ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, akitupa vichwa upande mmoja na kutoa changarawe upande mwingine, na macho yake yalikuwa njiani alikotarajiwa mwanawe mwingine. Nilipofika kwenye wimbo, mdogo wangu akatokea mlangoni.

"Yaya," akaniambia, kwa jina tunalomwitia ndugu mkubwa, "muntu anakufa, na weye unamwimbia? Si ungoje kwanza tumuzike?"

Mama alicheka hadi ndagala wakamwagika. Aliwakusanya huku akimwambia aketi ale. Mimi nilikuwa sijaambiwa nile. Kwa haki lazima niseme kwamba nilikuwa nimekwisha kula.

Siku ya kuionyesha mashine, kijiji kizima kilijipanga kandokando ya shamba. Nilisimama mbele na kuanza kueleza habari za upepo. Kapita, yaani msimamizi wa vibarua, mtu mnene mwenye sauti ya kengele, aliniacha nifike sentensi ya tatu.

"Mwalimu, utoke pale kidogo! Unaziba bantu. Tulikuja kuona mashini."

Nikatoka. Mdogo wangu alipanda trekta akiwa amejipaka mawese usoni hadi akang'aa kama sufuria mpya. Hiyo ilikuwa kanuni yake yeye, na ilienea bila kutangazwa. Alisema gesi hupenda ngozi kavu, na kwamba ikimkuta mtu mwenye mafuta huteleza ikaenda zake. Kwetu mawese ndiyo yanayotangulia kwa kila jambo la moto. Mtoto akiungua hupakwa mawese, na jeraha la moto halitiwi maji, kwa kuwa maji huliozesha; ndivyo tulivyolelewa sote. Nilimweleza kwamba mafuta hayazuii chochote, na kwamba zaidi ya hayo yanaifanya miwani iteleze usoni na kuacha nafasi. Akanisikiliza kwa adabu. Kisha akaisukuma miwani juu ya paji la uso, akakanyaga pedali, na visu vikaingia ardhini kwa mlio kama wa kitambaa kinachoraruliwa. Mama akapiga vigelegele. Wanawake wote wakampokea.

Nilihesabu makosa yake kwa macho, na hakuna lililomdhuru. Hilo ndilo lililoniuma. Nilitaka awe salama. Nadhani hilo ni kweli kabisa. Lakini nilitaka awe salama kwa sababu yangu.

Kisha maasi yakashuka kutoka milimani. Kwanza yalikuwa habari tu za watu waliotoka Uvira, baadaye yakawa milio, kavu na ya mbali, kama mtu anayevunja kuni upande wa pili wa kilima. Asubuhi moja mkurugenzi alivuka mpaka pale Kavimvira na hakurudi. Ofisi yake aliifunga. Tangi aliliacha chini ya jua, karibu na mfereji, likiwa na amonia zaidi ya nusu.

Kapita alishauri tuliache. "Ile si mali yetu. Mwenyewe akirudi, atalikuta."

Nililifikiria tangi lile kuliko nilivyofikiria maisha yangu. Risasi moja ingetosha. Kijiji kilikuwa upande unakokwenda upepo wa mchana, ule utokao ziwani. Kulikokota mbali hakukuwezekana, kwa kuwa barabara ilijaa watu, na kulifungua hewani kungekuwa kuwaua watu wale wale. Nilizunguka hoja hizo, nikarudi, nikazizunguka tena, hadi nikafikia neno ambalo lilikuwepo tangu mwanzo: mahali pekee pa salama pa kuiweka amonia ile palikuwa chini ya udongo, kwa mashine iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, mstari baada ya mstari, mpaka tangi liishe. Nilikwenda kumweleza mdogo wangu nikiwa nimejiandaa kwa pingamizi zake zote.

"Sawa," akasema. "Twende."

Basi. Ushujaa wake haukumgharimu hata usingizi. Niliuonea wivu kama mtu anavyouonea wivu mguu mzima wa mwenzake.

Tulifanya kazi vizuri asubuhi ile, na ningependa hilo likumbukwe. Nililijaza pipa kwa mikono yangu. Nilitembea mbele ya trekta nikichimba kwa fimbo kuona kama udongo una unyevu wa kutosha na kama mpasuo unajifunga, kwa sababu mpasuo ulioachwa wazi huirudisha gesi hewani. Hata miwani aliivaa, ingawa juu ya mawese. Kila alipofika mwisho wa mstari alifunga robine kabla ya kuviinua visu, kama nilivyomfundisha, na alipofanya hivyo alinipigia saluti ya kejeli.

Kabla ya saa sita nilikwenda kupima udongo wa upande wa mbali. Nilipogeuka niliona trekta limesimama na watu wamelizunguka. Walikuwa wakimbizi wa barabarani: wanawake wenye magodoro kichwani, mzee mmoja mwenye cherehani mgongoni, watoto waliojaa vumbi hadi kwenye kope. Mdogo wangu alikuwa amefungua mfuniko wa pipa na alikuwa akichota kwa kopo. Maji ya mfereji yalikuwa ya tope, yamekanyagwa na ng'ombe. Haya yalikuwa safi. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa amemshika mdogo wangu mkono kwa mikono yake miwili na akimbariki, yeye na kizazi chake, kwa sauti niliyoisikia kutoka nilipokuwa.

Nilipofika, nililigonga pipa. Lililia kama ngoma.

"Maji iko wapi?"

"Bantu walikunywa."

"Nilisema lisiguswe."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Yaya, maji hayanyimwi muntu. Hata adui akiomba maji, unampa. Weye ungemwambia nini ule mama? Kwamba ni ya kuosha macho ya minye?"

Ningewapa. Ila mimi ningewapa kwa kununa, na hakuna ambaye angenibariki.

Nikamwambia tusimame. Pipa likiwa tupu, hakuna kazi. Atenganishe tangi na fremu, alifungue pipa, aende nalo kisimani kwa trekta alijaze, ndipo tumalize. Hakubisha. Hili ndilo ninalolirudia rohoni: safari hii alinitii. Alishuka upesi ili anifurahishe. Alifunga robine ya tangi, akafunga ya fremu, akaisukuma juu miwani iliyokuwa ikimteleza kwenye mafuta, akakizungusha kiungo cha mpira. Kirobine kidogo cha pembeni alikisahau. Ndani ya mpira mlikuwa mmebaki kidogo tu.

Kidogo hicho kilitoka kwa mlio wa paka aliyekanyagwa, na wingu jeupe likamfunika mdogo wangu kichwa.

Nilivuta pumzi nikiwa bado nje, nikazunguka upande unakotoka upepo, nikaingia nimefumba macho na kumkamata ukosi. Alikuwa akipiga kelele isiyo na maneno. Mikono yake ilikuwa ikijisugua machoni, na kusugua ndiko kubaya kuliko kote. Mfereji ulikuwa karibu. Nilimvuta, nikaingia naye hadi kiunoni na kukizamisha kichwa chake katika maji yale ya tope. Maji machafu ni bora kuliko kutokuwa na maji. Nilimtoa apumue, nikamzamisha tena. Nilijaribu kumfumbua kope, lakini vidole vyangu viliteleza. Mawese.

Yeye alipigana kama mtu anayezamishwa na adui. Alikuwa na nguvu kuliko mimi. Alinipiga kiwiko mdomoni, nami nikamkaba shingo ili asitoke.

Hebu mtu autazame mfereji ule kutoka ukingoni. Ndugu mkubwa, ambaye kijiji kizima kinajua jinsi anavyomtazama mdogo wake, amemkaba shingoni ndani ya maji, damu ikimtoka mdomoni, na mdogo analia.

"Anamuua! Njooni, anamuua ndugu yake!"

Wakashuka wote, vibarua na wakimbizi. Mtu alinikamata shati, mwingine mkono. Mwanamke yule wa baraka alivua kandambili yake na kunipiga nayo kichwani kwa juhudi, mtoto akiruka mgongoni.

"Macho ya gesi!" nilipiga kelele. "Maji! Lazima maji!"

"Moto hautiwi maji!" Kapita alikuwa ameingia mferejini na chupa ya mawese imeinuliwa juu kama taa. "Weye musomi, ni wapi uliona moto unatiwa maji? Muachilie, tumupake!"

"Ukimpaka atapofuka!"

"Kijicho," mtu mwingine akasema nyuma yangu, kwa utulivu, kama anayesoma ishara ya mvua. "Siku zote ilikuwa kijicho."

Niliona wazi, kwa usahihi wa kutisha, kwamba sikuwa na ushahidi wowote. Kila nilichofanya kumwokoa kilifanana na kile ambacho wao walikuwa wamekingoja. Mikono ikaanza kunifungua vidole shingoni mwake, kimoja kimoja. Na yeye mwenyewe, mdogo wangu, alikuwa upande wao.

Ndipo niliposikia maji yakigawanyika. Mama alikuwa ameshuka mferejini na kitenge chake chote, kilemba kimemwangukia begani. Alimtazama mwanawe mdogo, kisha akanitazama mimi. Sijapata kutazamwa hivyo tena. Alikuwa akichagua.

"Wimbo umefika wapi?" akaniuliza.

Sikumwelewa. Kisha nikaelewa. "Bado, Mama. Sijauanza."

Akaishika pembe ya kitenge, akamfuta mwanawe mafuta usoni kwa nguvu kama alivyotufuta tulipokuwa wadogo, akaweka vidole vyake vya kuchambulia ndagala juu na chini ya jicho na kulifumbua. Kapita alisogeza chupa. Mama akaitupa mferejini bila kumtazama. "Weye kapita, kamata miguu yake," akamwambia. "Na weye," akaniambia mimi, "mwagia."

Akaanza kuimba.

Alianza peke yake, kwa sauti ya mtu aliyechoka kwa kutembea. Mwishoni mwa ubeti wa kwanza kapita aliingia na sauti yake ya kengele, miguu ya mdogo wangu ikiwa kwapani. Wakimbizi nao waliujua. Mwanamke wa kandambili aliujua vizuri kuliko sote, akawa anatutangulia maneno, huku yule mzee akiwa ameketi ukingoni na cherehani yake akitikisa kichwa. Milio milimani iliendelea. Sisi tulimaliza beti zote, na Mama akarudi mwanzo bila kuambiwa. Nilimwagia maji kwa kopo lile lile lililokuwa limewanywesha.

Kanuni zangu zote alikuwa nazo. Nilizisoma mbele yake nikidhani anamngoja mtu mwingine, naye kweli alikuwa akimngoja mtu mwingine. Ila alikuwa na masikio kwa wote wawili. Hilo nililitambua nikiwa nimesimama majini, na niwe mkweli: nilifurahi kwa muda wa ubeti mmoja. Kisha nikawaza kwamba alizihifadhi kwa sababu zilihusu macho ya mdogo wangu.

Tulimpeleka kwa muuguzi wa misheni, ambaye aliendelea na maji, safi safari hii, na kumfunga vitambaa vibichi. Uso ulivimba hadi macho hayakuonekana. Hakuna aliyethubutu kusema kama yangeona. Nilikaa kando ya kitanda, na kila alipoamka aliuliza, "Mama iko hapa?" Nikajibu kwamba anakuja. Nilimlisha uji, nikamsikiliza akipapasa ukuta kutafuta mlango, na niliomba. Niliomba aone, sikuchanganya ombi hilo na jingine lolote.

Siku vitambaa vilipotolewa, aliketi kitandani akipepesa kope kama kuku aliyemwagiwa maji. Jicho la kulia lilifunguka vyema. La kushoto lilikuwa na ukungu. Alinitazama kwa muda, akaikaza shingo, akaegemea mbele.

"Ni weye kweli, yaya?"

"Ni mimi."

"Ah." Akajilaza tena. "Minye nilifikiri nikipona, nitakuta uso wako umerekebika."

Muuguzi alicheka, na mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka. Nilitoka nje, nikaushika ukuta.

Mistari iliyobaki niliimaliza mimi, nikiliendesha trekta vibaya mno, na Mama akiwa ameketi juu ya mfuniko wa pipa ili mtu asiombe maji. Tangi likaisha. Mapigano yalipofika bondeni, lilitobolewa kweli, upande kwa upande, na hakuna kilichotoka. Hakuna aliyelisimulia hilo. Ni jambo ambalo halikutokea.

Kinachosimuliwa ni kile cha mferejini, na msimulizi ni yeye. Nimemsikia akikisimulia harusini, matangani, na pale Kavimvira katikati ya wabadilisha fedha waliosahau wateja wao. "Yaya alitaka kuniua na maji, Mama akaniponya na wimbo." Anaigiza kandambili. Anaigiza kapita na chupa yake. Humo hamna kirobine, hamna mawese ya miwani, na mimi nimo kama mtu anayemwaga. Watu hucheka hadi wakashikana, na yeye huwatazama mmoja mmoja, kwa macho yote mawili, kuona nani bado hajacheka. Hata kuokolewa kwake ni kwake.

Mama alipofariki tuliuimba wimbo ule kaburini. Mdogo wangu alisimama upande wangu wa kulia, na kabla ubeti wa kwanza haujaisha alikuwa akilia, wazi, bila kuuficha uso. Nilijiinamia kidogo ili nimwone vizuri. Nilitaka kujua kuhusu jicho la kushoto, lenye ukungu. Mirija ya machozi huweza kuharibika, na kwa miaka yote hiyo sikuwa nimepata nafasi ya kuhakikisha. Lilikuwa likitoa machozi sawasawa na la kulia. Nilihakikisha mara mbili. Kisha nikasimama wima na kuendelea kuimba, macho yangu yakiwa makavu, nikimwonea wivu.